Pampu Inayostahili Kustaafu

Ukikaa Dar es Salaam muda mrefu unajikuta umekariri ramani ya mabomba bila kufundishwa na mtu. Tangazo likitoka kwamba mtambo wa Ruvu Juu umezimwa, husubiri orodha ya maeneo isomwe mpaka mwisho. Unajua tayari kwamba Kibaha, Kibamba, Mbezi, Kimara, Ubungo, Tabata na Segerea imekula kwao, na kwamba jioni utabeba madumu kwenda kwa shemeji Mikocheni. Likitajwa jina la Ruvu Chini, zamu inageuka: ni Bunju, Tegeta, Kawe, Mwenge, Msasani, kushuka hadi katikati ya mji, na safari hii shemeji ndiye anayepiga simu. Ndiyo maana tunataniana kwamba kijana mwenye akili haoi mtu wa mtambo mmoja na yeye.

Kinachochekesha ni kwamba mto ni uleule. Ruvu unateremka kutoka milima ya Uluguru, unapita Mlandizi ambako mtambo wa Juu unachota, unaendelea kuelekea Bagamoyo ambako mtambo wa Chini unachota kilichobaki, halafu unaingia baharini. Mimi na shemeji tunakunywa mto mmoja. Tunachotofautiana ni pampu.

Na pampu haitajwi mpaka izime. Tunajadili vyanzo, mabwawa, visima, bili na mita zinazokimbia, lakini ile mashine inayofanya maji yapande mlima haina mwenyewe katika mazungumzo yetu. Jirani yangu hapa Kimara ni mzee mstaafu aliyemaliza ujana wake kwenye mitambo ya maji, nyingi zikiwa zamu za usiku. Watoto wa mtaani wanamwita Babu Pampu, naye anaitika. Sehemu ya haya ninayoandika nimeyaokota barazani kwake, sehemu nimeyasoma, na ubishi, wa pampu ipi ya jiji hili imefikia umri wa kustaafu, ni wangu mwenyewe.

Wengi tunaamini kwamba maji yanatoka bara, bara ni juu, Dar ni chini kando ya bahari, kwa hiyo yanateremka tu. Sivyo. Mto Ruvu unapita bondeni, na kati ya bonde hilo na jiji umelala mwinuko wa Kibaha, Kibamba na Kimara, ule ambao Barabara ya Morogoro inapanda na kuuvuka. Maji lazima yanyanyuliwe hadi juu ya mgongo huo kwanza, yaingie kwenye matangi, ndipo yaanze kuteremka yenyewe kwenda Ubungo, Tabata na kwingineko. Upande wa Bagamoyo mambo ni hayohayo: maji yanasukumwa kwa zaidi ya kilomita 50 hadi kwenye matangi ya mlima wa Chuo Kikuu, na kutoka pale mji wa chini unahudumiwa na mteremko.

Kunyanyua maji ni kazi nzito kuliko tunavyodhani, na hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Mita moja ya ujazo ya maji ina lita 1,000 na uzito wa tani moja. Kuipandisha mita 100 kunahitaji karibu uniti 0.27 za umeme, kama mashine isingepoteza chochote. Mashine hupoteza, kwa hiyo weka uniti 0.4. Mtambo wa Ruvu Juu, tangu upanuzi uliozinduliwa mwaka 2017, una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Kwa kila mita 100 za mwinuko, hizo ni uniti zaidi ya 78,000 kila siku inayokwenda kwa Mungu, kabla hujahesabu msuguano wa maji ndani ya bomba. Kwa nyumba inayotumia uniti tano kwa siku, umeme huo ungetosha nyumba zaidi ya 15,000. Ndiyo sababu maji yana gharama hata yakiwa yametoka mtoni bure, na ndiyo sababu mgao wa umeme na mgao wa maji jijini huongozana.

Nilimwuliza Babu Pampu kwa nini umeme ukikatika dakika kumi kule Mlandizi, sisi tunakosa maji mpaka kesho yake. Alinitazama kwa huruma.

“Mwanangu, wewe unafikiri ile ni swichi ya taa?”

Akanieleza. Bomba la zamani la Ruvu Chini lina kipenyo cha inchi 54. Lijaze maji kwa kilomita 50 na utakuwa na tani zaidi ya 70,000 zinazotembea kwa pamoja. Umeme ukikatika, pampu zinasimama ghafla lakini tani hizo hazijui kwamba zimeambiwa zisimame. Zinaendelea kidogo, zinaishiwa nguvu, zinarudi nyuma, zinagonga valvu iliyowekwa kuzuia maji yasirudi. Mafundi huita kishindo hicho nyundo ya maji. Wimbi lake la presha hukimbia ndani ya bomba, na penye udhaifu, pa kuungia au palipooza kwa kutu, hapo ndipo hupasuka. Kwa hiyo umeme ukirudi, huwezi kuwasha pampu zote kwa mkupuo. Unawasha moja, unasubiri, unasikiliza, unawasha ya pili, huku hewa iliyojaa sehemu zilizobaki tupu ikitolewa kupitia valvu zake. Halafu matangi yajae. Halafu mabomba ya mitaani yajae, na kila nyumba iliyo bondeni inachota kabla maji hayajafika kwa aliye kilimani. Ukiyaona bombani mwako, maji ya kwanza yana rangi ya udongo, kwa sababu yamekuja yakikwangua tope lililotuama chini ya bomba. Dakika kumi za umeme zimekula siku nzima ya jiji.

“Kusikiliza” hapo juu ni neno lake, na alilirudia mara nyingi. Mwendesha pampu mzuri, alisema, anajua kwa sikio. Maji yakipungua mtoni na pampu ikaanza kuvuta kwa shida, ndani yake hutokea viputo vinavyopasuka kwenye pangaboi, na sauti yake ni ya mtu anayetafuna changarawe. Ukiisikia sauti hiyo na ukaiachia, baada ya muda chuma kinakuwa na vishimo kana kwamba kimeliwa na wadudu. Zamu ya usiku ilikuwa kazi ya masikio zaidi kuliko ya macho.

Historia ya mitambo yetu inaweza kusimuliwa kwa haraka. Zamani mji ulikunywa visima, vikiwemo vile vya eneo la Gerezani. Karibu na mwaka 1950 ukajengwa mtambo wa Mtoni, unaochota Mto Kizinga. Mwaka 1959 ukaja Ruvu Juu, na mwaka 1976 Ruvu Chini, uliojengwa kwa msaada wa Kanada. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, mji ukafura na mitambo ikabaki ilivyo. Kilichokuwa kinabadilika ni mabango ya wasimamizi wa maji: NUWA, kisha DAWASA mwaka 1997, kisha kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003 ambayo mkataba wake ulivunjwa mwaka 2005, kisha DAWASCO, kisha DAWASA tena kuanzia mwaka 2018. Watu wengi bado wanasema “maji ya Dawasco” na hawana nia ya kubadilika. Babu Pampu anasema yeye alibadilishiwa nembo ya shati mara nyingi kuliko alivyobadilishiwa beringi za pampu. Simwamini sana katika hili, ila nimelipenda.

Upanuzi mkubwa ulikuja muongo uliopita. Ruvu Chini ilitoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, kwa fedha za Marekani. Ruvu Juu ilitoka lita milioni 82 hadi hizo milioni 196, kwa mkopo kutoka India, pamoja na tangi jipya la lita milioni 10 pale Kibamba. Mtoni, ule wa kwanza, una uwezo wa lita milioni 9 tu. Weka Mtoni kando ya Ruvu Chini: moja kwa thelathini.

Mtoni ndio unaonifikirisha zaidi kuhusu jambo hili la kustaafu. Wakati unajengwa, Kizinga ulikuwa mto wa pembeni ya mji. Sasa mto huo unapita katikati ya watu, Mbagala huku na Temeke kule, na kila kinachomwagwa uani kinaishia humo mvua ikinyesha. Pampu inaweza kutunzwa, kukarabatiwa, kubadilishwa. Mto je? Mtambo unaweza kuwa na afya njema kabisa ukapoteza sababu ya kuwepo kwa vile kilichokuwa mbele yake kimeharibika.

Wenzetu wamepitia hili zamani. Philadelphia, Marekani, ilikuwa na mtambo maarufu wa Fairmount kando ya Mto Schuylkill, ulioanza kazi mwaka 1815. Ulisukuma maji hadi kwenye matangi ya juu ya kilima, na watalii walikuwa wanakwenda kuutazama. Viwanda vikajazana kando ya mto, homa ya matumbo ikawa haiishi mjini, na mwaka 1909 mtambo ukafungwa, kazi yake ikachukuliwa na mitambo mipya ya kuchuja kwa mchanga. Majengo yake yakageuzwa kuwa nyumba ya kuonyeshea samaki. Kuna mitambo mingine iliyostaafishwa na mashine mpya: London, pale Kew Bridge, injini za mvuke za karne ya 19 ziliachwa katikati ya karne ya 20 pampu za umeme zilipochukua kazi, na leo ni makumbusho. Na kuna iliyostaafishwa na mteremko: Boston walijenga bwawa kubwa mbali, mahali pa juu, maji yakawa yanateremka yenyewe, na kituo cha kusukuma maji cha Chestnut Hill kikafungwa katika miaka ya 1970. Injini yake kubwa ya mwaka 1894 bado imesimama pale, na tangu mwaka 2011 watu wanaingia kuitazama.

Niliposimulia haya barazani, Babu Pampu alicheka mpaka akakohoa. “Sisi mashine haistaafu. Inageuka spea.” Pampu ya tatu ikifa, inafunguliwa ili ya kwanza na ya pili ziishi. Hakuna sherehe, hakuna makumbusho. Ningependa siku moja wanafunzi wapelekwe Mtoni waonyeshwe mahali ambapo mji huu ulianza kusukuma maji ya mto, lakini najua kwamba kwa mtu anayepanga foleni ya ndoo hilo ni wazo la mtu aliyeshiba.

Sasa nije Kimara, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwamba kituo cha kusukuma maji hakistaafu kwa kufungwa milango tu.

Kimara kuna mtaa unaitwa Matangini. Matangi yapo, unayaona. Na kwa miaka mingi wakazi wa kuzunguka matangi hayo walikuwa miongoni mwa watu wenye shida kubwa ya maji jijini. Mgeni akisikia hivyo anadhani ni rushwa, au ni roho mbaya. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa sababu rushwa ni maelezo yanayokuja mdomoni upesi. Lakini fikiria tangi likiwa limekaa juu ya kilima, na nyumba yako ikiwa imekaa juu ya kilima hichohicho. Maji hayana pa kuteremkia kuja kwako. Yule wa Tabata, aliye chini kabisa, ndiye anayefaidi urefu wa tangi, maana presha ya bomba lake inatokana na tofauti ya mwinuko kati yake na tangi, karibu kilo moja ya presha kwa kila mita kumi. Wewe jirani wa tangi una mita mbili, tatu, au huna hata moja. Ili upate maji lazima kuwe na pampu nyingine, ndogo, ya kukusukumia wewe mahsusi. Mafundi wanaiita busta. Pasipokuwa na busta, utaishi ukiyatazama matangi na kununua maji ya boza.

Kazi ya kuisukumia Kimara maji ilikuwa lazima ifanywe na mtu. Kwa kuwa mtambo wa umma haukuifanya, wakazi waliifanya wenyewe. Nami nadhani historia ya maji ya Dar es Salaam kwa miaka arobaini iliyopita ni hiyo: pampu ya jiji ilistaafu sehemu ya kazi yake bila kutangaza, na kazi ile ikahamia uani kwetu.

Pita mtaa wowote wa Dar uhesabu minara. Nyumba ina tangi la chini, limejengwa kwa zege au limezikwa. Pembeni yake mota ya hospawa nusu au moja. Juu, mnara wa tofali au wa vyuma, na simtanki la lita elfu moja, mbili, tano. Maji ya bomba yakija usiku, mara nyingi yana presha ya kufika kwenye tangi la chini tu. Asubuhi unawasha mota, inapandisha juu, kisha yanateremka jikoni na bafuni. Hebu tazama vizuri mfumo huo. Chanzo, pampu, tangi la juu, mteremko. Ni Ruvu Juu ndogo, kila kitu kimo, hadi mwendesha mtambo, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa darasa la sita anayepigiwa kelele “zima mota!” maji yakianza kumwagika.

Kila kiwanja kina mtambo wake. Maji yaliyokwisha kunyanyuliwa kwa gharama kubwa kutoka bondeni Ruvu hadi mgongoni Kibamba yanaachiwa yapoteze presha yote, yanadondokea shimoni, kisha yananyanyuliwa upya, mara laki, kwa mota ndogo zisizo na ufanisi, kwa umeme wa luku. Hakuna mhandisi ambaye angechora mfumo huu mezani. Umejichora wenyewe, nyumba kwa nyumba, fundi kwa fundi.

Wengine hawasubiri tangi la chini lijae. Wanaunga mota moja kwa moja kwenye bomba la mtaa na kuvuta. Ni kosa kisheria, na wanaofanya hivyo wanajua, ndiyo maana mota huwashwa saa nane usiku. Madhara yake ni zaidi ya kumnyima jirani. Bomba lenye presha, hata likiwa na tundu, linatoa maji nje. Bomba linalovutwa kama mrija linafanya kinyume: linaingiza ndani kilichopo nje ya tundu. Na nje ya tundu, katika mitaa yetu mingi, pamelala mtaro, au shimo la choo halipo mbali. Anayevuta hapati maji ya wizi peke yake. Anapata na maji ya mtaro, na anawagawia wengine.

Halafu kuna visima. Ukame wa mwaka 1997 uliwatia watu hofu, visima virefu vikachimbwa sehemu nyingi za jiji, vya serikali na vya watu binafsi, na tangu hapo kampuni za kuchimba hazijakosa kazi. Visima vimeokoa watu wengi na sitavisema vibaya kwa jumla. Ila sote tunaokaa karibu na pwani tunajua maji chumvi ni nini. Sabuni haitoi povu, hita ya maji inajaa magadi, bomba la chuma linaoza. Ukivuta maji matamu ya ardhini kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya bahari yanasogea kujaza nafasi. Kila pampu ya kisima inafanya kazi bila kujua ya jirani inavuta kiasi gani. Pampu moja kubwa ina mhandisi anayetazama usawa wa mto. Pampu elfu za uani hazina anayezitazama.

Oktoba 2022 ilitukumbusha kwamba pampu kubwa nazo si miungu. Mvua zilikuwa zimekosekana, Ruvu ukapungua sana, na mgao wa maji ukatangazwa jiji zima. Pampu zilikuwepo, umeme ulikuwepo, maji ya kuvuta hayakutosha. Dumu la lita 20 lililokuwa la shilingi 200 hapa mtaani likafika 500, na siku nyingine ukikuta la 500 unashukuru. Mwezi Novemba visima virefu vya Kigamboni vikazinduliwa rasmi, na maji yake, badala ya kuhudumia Kigamboni peke yake, yakavushwa kusaidia upande wa pili wa jiji. Kwa mara nyingine pampu mpya zilikuja kubeba mzigo ambao pampu za zamani hazikuuweza, ingawa safari hii kosa halikuwa la mashine.

Ndipo Kidunda ikarudi midomoni. Bwawa hilo la Morogoro limezungumzwa tangu sisi hatujazaliwa, na sasa linajengwa, likitarajiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya Ruvu ili mto usikauke kiangazi. Nalingoja kama kila mtu. Lakini naona wengi tunaliwekea matumaini ambayo bwawa haliwezi kuyabeba. Bwawa litahakikisha pampu za Mlandizi na Bagamoyo haziachwi zikitafuna changarawe. Halitafanya maji yafike kwenye bomba la ghorofani kwangu. Hayo ni mambo ya busta, ya mabomba ya mtaani, ya njia ya uhakika ya umeme kwenye mitambo, na ya mivujo, maana kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji hili yamekuwa yakipotea kabla ya kulipiwa, mengine kwa kuvuja na mengine kwa kuibwa. Lita iliyonyanyuliwa kwa umeme wote ule halafu ikamwagika mtaroni Manzese ni lita ya hasara mara mbili.

Ndiyo maana kila ninaposikia mjadala wa kustaafisha mitambo chakavu, nauliza ni mtambo upi. Ruvu Juu ya mwaka 1959 imebadilishwa pampu, imepanuliwa, inaendelea. Ukiniuliza pampu gani Dar es Salaam imefikia umri wa kustaafu, nitakuonyesha ile iliyofungiwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba yangu. Ndiyo isiyo na sababu ya kuwepo katika mji unaojiheshimu. Inakula umeme wangu kufanya kazi niliyokwisha kuilipia kwenye bili ya maji. Mafanikio ya miradi hii tunayozinduliwa kwa mikasi na utepe mimi ningeyapima kwa idadi ya mota zilizouzwa kwa mafundi chuma, badala ya lita milioni zinazotajwa jukwaani.

Babu Pampu hakubaliani nami kabisa. Anasema tangi la nyumbani ni akiba, na mji wenye akiba kila nyumba hauanguki siku moja bomba kuu likipasuka. Hapo ana hoja. Nilimwambia tangi libaki, mota ndiyo iondoke: maji yakija na presha ya kutosha saa zote, tangi la juu litajaa lenyewe kama yalivyo matangi ya zamani ya nyumba za Upanga na Oysterbay, yaliyowekwa darini bila mota yoyote. Akakiri kwamba hilo amelisahau. Zamani, alisema, fundi bomba alikuwa akifunga tangi darini na boya lake, anafunga mlango, anaondoka. Kijana wa leo akifundishwa ufundi bomba, somo la kwanza ni jinsi ya kufunga mota.

Hali kwa kweli imekuwa nafuu huku kwetu. Tangu mabomba mapya ya mitaa yalazwe, zipo wiki maji yanakuja na nguvu ya kupanda mnarani bila kusaidiwa, na mota inakaa kimya mpaka naisahau. Kisha linakuja tangazo, nasi tunarudi kwenye madumu.

Mwezi uliopita binamu yangu alianza kujenga Goba, akanipigia kuuliza mnara wa tangi uwe wa urefu gani, maana fundi anataka kupiga hesabu ya tofali. Nilimweleza yote haya, kwa kirefu, nikamshauri aweke tangi darini na aache nafasi tu ya mnara, asubiri aone presha ya mtaa inakuwaje. Alinisikiliza vizuri sana. Juzi amenitumia picha: mnara umesimama, mrefu kuliko nyumba, na juu yake matangi mawili.

“Kaka,” ameandika chini yake, “la pili ni la kisima.”